Fedha Haichanganywi

Katika karakana ile ya mageti hapakuwa na mtu aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Majina yote yalitoka katika mdomo mmoja, mdomo wa mpakarangi, na jina likishatoka halikurudi. Mwenye karakana, mjane aliyezoea kuamrisha, alikuwa Serikali. Mkata vyuma, ambaye mashine ilimla vidole viwili, alikuwa Nane. Mchomeleaji, mwenye kigugumizi tangu utotoni, alikuwa Redio Mbovu. Mpakarangi peke yake hakuwa na jina la utani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuwahi.

Alifanya kazi nyuma kabisa, katika kibanda cha mabati kilichofunikwa nailoni ili vumbi lisiguse rangi mbichi. Geti lilipofika kwake lilikuwa chuma kitupu chenye makovu ya kuchomelewa. Alilipiga msasa, akalifuta mafuta kwa tina, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeusi, na mwisho akavigusa vichwa vya mikuki na maua ya chuma kwa rangi ya fedha. Matenki ya maji aliyapuliza fedha tupu, juu hadi chini. Alikuwa na jicho ambalo watu walilisafiria. Mteja alileta kipande cha ukuta kisichozidi ukucha, naye alikitazama mara moja, akachanganya makopo matatu, na rangi iliyotoka hata aliyejenga nyumba ile asingeitofautisha.

Barakoa hakupenda, ilimzuia kusema. Kwa hiyo kila jioni alipopenga kamasi, leso iling'aa, na akitema mate ukutani yaliacha doa la fedha. "Mimi nikifa msihangaike na kaburi," aliwaambia wenzake. "Niuzeni kwa kilo, pamoja na vyuma chakavu."

Asubuhi moja, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, alisimama chooni kwake akatazama chini kwa muda mrefu. Kinyesi chake kilikuwa cha rangi ya fedha. Hakikuwa cheupe wala kijivu. Ilikuwa fedha iliyofifia, kama tenki lililopigwa jua mwaka mzima. Hofu ilianza kumjia, lakini kabla haijafika popote sentensi ilikuwa imeshajipanga mdomoni mwake, na ilikuwa sentensi nzuri mno kuiacha ipotee.

Aliingoja saa ya chai. Aliwaacha wakae, wamimine, wapulize vikombe.

"Jamani," akasema, "leo nimekunya geti."

"Geti?" Nane akauliza.

"Geti zima. Limeshapakwa. Limebaki kufungwa bawaba tu."

Chai ilimtoka Nane puani. Serikali akachungulia kutoka ofisini. "Mnacheka nini na kazi zimelala?"

"Mama, fundi wako ameanza kutengeneza rangi mwenyewe. Kuanzia leo usinunue makopo, ninunulie maharage."

Hata Serikali alicheka, na haikuwa kawaida yake. Ni Nane tu aliyejifuta akaona haya kidogo. "Lakini kaka, kweli choo cha mtu kinaweza kuwa hivyo? Isije ikawa ugonjwa."

Mpakarangi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayepaka rangi juu ya kutu. "Miaka ishirini na sita nashika brashi, leo vidole vinane vinanifundisha. Sikiliza. Nyeupe na nyeusi ukizichanganya zinatoa kijivu. Kijivu si fedha. Fedha haichanganywi, inatoka kwenye kopo, ina unga wa alumini ndani. Tumbo halina alumini. Sasa ikiwa imetokea kwangu, ni kwa sababu imeingia kwangu. Nimeimeza kazini, basi."

Hakuna aliyeweza kubishana naye juu ya rangi. Wakakubaliana kuwa dawa ni ile ile wanayoijua mafundi wote wa moshi na rangi: maziwa. Maziwa huosha tumbo. Kuanzia siku hiyo alikunywa lita nzima kila mchana, amesimama, mkono kiunoni, huku wenzake wakimhesabia mikupuo.

Wiki mbili baadaye, mchomeleaji aliinua ngao yake ya uso yenye kioo cha kiza kupumzisha macho. Mpakarangi alikuwa amesimama mbele yake juani, akikagua kiungo cha geti. Mchomeleaji ni mtu anayeogopea macho kuliko kitu chochote, na jicho la mtu mwingine huliona kabla ya uso. Alishtuka.

"Ka-kaka, ma-ma-macho ya-ya…"

"Macho ya nani? Ya mama yako?"

"Ya-yako. Ya-yako ni ya nj-nj…"

"Njoo hapa? Njugu? Njiwa? Jamani, stesheni imepotea! Mtu ashike waya!" Akajifanya anazungusha kitufe kwenye sikio la mchomeleaji, akikoroma kama redio iliyokosa mawimbi. Wote walicheka, na mteja aliyekuwa akingoja bawaba naye akacheka. Neno lenyewe lilikuwa *njano*. Mchomeleaji alilimeza, akashusha ngao, akarudi kwenye moto wake.

Kisha ulikuja muwasho. Haukuwa na upele wala kipele, ulitoka ndani kabisa, chini ya ngozi, mahali kucha isipofika. Alikwenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana mwenye foleni ndefu mlangoni na uchovu usoni, na mpakarangi, alipoona uso uliochoka, hakuweza kujizuia. Alimsimulia kisa cha geti. Akakisimulia vizuri kuliko siku ya kwanza, maana sasa kilikuwa na maziwa ndani yake. Tabibu alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Alipoivaa tena alikuwa ameshaanza kuandika: *Mpakarangi. Amemeza rangi.* Alimpa vidonge vya kuzuia muwasho, akamwambia avae barakoa, aendelee na maziwa. Kope za mpakarangi hakuzivuta chini kuyaangalia macho. Mtu aliyekuchekesha humtazami kama mgonjwa.

Na kwa kweli akapona. Mwezi uliofuata choo kilirudi kahawia, mkojo ukawa maji, muwasho ukapungua, na manjano ambayo yeye hakuwahi kuyakiri yakaondoka machoni. Aliitangaza habari hiyo saa ya chai kama mtu aliyeshinda kesi. Wenzake wakampigia makofi, na kisa kikapata mwisho mzuri. Kingekwisha hapo, kingekuwa kichekesho tu.

Lakini fedha ilirudi. Ilirudi wakati mbaya, maana kwa wiki tano rangi ya fedha ilikuwa imeadimika madukani, na karakana nzima ilipiga nyeusi na kijani peke yake. Mpakarangi alisimama chooni akaitazama. Leso yake siku hizo ilikuwa nyeusi. Mate yake yalikuwa ya kijani. Fedha hii haikutoka kwenye kopo lolote.

Alielewa, na hilo ndilo jambo la kusikitisha katika maisha ya mtu huyu, kwamba alielewa siku ile ile. Angeweza kwenda kazini akasema kwa sauti ya kawaida: ndugu zangu, naumwa, na sijui naumwa nini. Alilifikiria neno hilo njia nzima. Akafika, akawakuta wamekaa wanamngoja aanze, nyuso zao tayari zimelegea kwa kicheko, akaona kwamba hana sauti ya kawaida. Alikuwa ameitumia yote. Akasema jambo fulani kuhusu viatu vya Serikali, wakacheka, siku ikapita. Tangu hapo alijisaidia amefumba macho, akamwaga maji kabla ya kuyafumbua.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu nyumba ile maneno yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na mwingine. Alipotandua kitanda asubuhi moja alikuta shuka lina damu, na chini ya mto kipande cha msasa, ule laini wa kumalizia.

"Baba watoto, unajipiga msasa?"

"Nimeota kutu."

Hakucheka. Alimshika muundi, akautazama: ngozi ilikuwa imelika kama mlango wa zamani. "Umekonda. Mkojo wako ni kama chai iliyokolea. Macho yako nayaona, usidhani siyaoni. Twende hospitali kubwa."

"Nikaseme nini?"

"Sema kilichokupata."

"Nilishasema. Wameshacheka." Akageukia ukuta. "Mke wangu, hiki kitu kimeshakuwa kichekesho. Huwezi kukirudisha."

Miezi ikapita hivyo. Akawa wa njano waziwazi, njano chafu yenye kijani ndani yake, ambayo yeye mwenyewe angemwambia mteja aifikirie tena. Siku moja miguu ilimwishia nguvu akiwa katikati ya kupuliza tenki. Bunduki ya rangi ilimponyoka ikaendelea kupuliza chini, na walipofika walimkuta amekaa kwenye dimbwi la fedha, amejiegemeza kwenye chuma, anahema.

"Ama kweli!" Nane akasema. "Fedha!" Na watu, baada ya miaka yote ile, wakacheka kwa furaha ya kulipiza. Jina lilikuwa limepatikana.

Serikali alimtazama kutoka mlangoni. "Mpelekeni kwao. Wateja wananiuliza kama hiyo njano ndiyo rangi mpya tuliyoleta." Ilikuwa sentensi iliyopangwa vizuri. Mpakarangi, akiwa pale chini, aliitambua kazi yake mwenyewe.

Safari hii mkewe hakuomba, alimpeleka hospitali kubwa. Daktari bingwa wa upasuaji huko alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi zilizokatwa karibu na kichwa, na nyuma yake walimfuata wanafunzi sita. Hakusalimia sana. Alivuta kope, akatazama. Aliweka mkono chini ya mbavu za kulia, akabonyeza, akawaambia wanafunzi waguse mmoja mmoja kitu cha mviringo kilichokuwa pale, laini kama yai lisilo na ganda.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Mfuko wa nyongo," aliwaambia wanafunzi. "Umejaa na hauumi. Kwa hiyo msifikirie mawe kwanza, fikirieni kitu kilichoziba huko chini." Akamgeukia. "Choo chako ni cha rangi gani?"

Mkewe aliyekuwa amesimama kando ya kitanda alimtazama. Mpakarangi alihisi geti likija lenyewe, na bawaba zake. Akalizuia.

"Cha fedha," akasema.

Alingoja kicheko. Alikijua kinachukua muda gani, kama mtu anavyojua rangi yake inakauka kwa dakika ngapi. Hakikuja. Mwanafunzi mmoja aliacha kuandika.

"Fedha ya kung'aa au iliyofifia?" Daktari aliuliza kama mteja anayechagua.

"Iliyofifia. Kama tenki lililopigwa jua mwaka mzima."

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Na ulimwambia nani?"

"Kila mtu," mpakarangi akasema.

Siku tatu baadaye, walipokwisha kumpitisha kwenye mashine na kumtumbukizia mpira wenye kamera kupitia kooni, daktari alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akachora nyuma ya fomu. Alichora ini, na kutoka kwenye ini mrija unaoshuka. Alichora kongosho limelala kwa ubavu, na mrija wake mwingine. Mirija miwili ilikutana ikatobokea pamoja katika utumbo wa mwanzo, ule ambao chakula huingia kikitoka tumboni. Mahali hapo alichora kinundu.

"Hiki kinaitwa chuchu, maana kimekaa hivyo hivyo. Kila mtu anacho, kidogo kama punje ya mahindi. Kina msuli wake unaofunga na kufungua. Nyongo ya siku nzima inapita hapa, na ute wa kongosho unapita hapa hapa. Mlango mmoja kwa mirija miwili. Uvimbe wako umeota mlangoni."

"Ni saratani?" mkewe akauliza.

"Ni saratani. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi ya kahawia. Ikizibwa, choo kinakuwa cheupe, na nyongo inarudi kwenye damu, ndiyo hiyo njano na muwasho. Uvimbe wenyewe una kidonda, unavuja damu kidogo kidogo. Damu ikisagwa inakuwa nyeusi. Nyeupe, na nyeusi."

Mpakarangi aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi macho yake kuwa na kitu ndani. "Hapana, daktari. Nyeupe na nyeusi zinatoa kijivu. Fedha haichanganywi."

"Uko sahihi. Kinachong'aa ni mafuta. Ute wa kongosho nao ulibanwa, mafuta ya chakula hayakusagwa, yakatoka yalivyoingia." Akagonga mchoro kwa kalamu. "Ulikuwa unakula nini chenye mafuta?"

"Maziwa. Lita moja kila siku."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Lakini yalinisaidia," mpakarangi akasema upesi. "Njano iliondoka mwezi mzima."

"Uvimbe ulioza kipande, ukamomonyoka, mlango ukafunguka. Halafu ukaota tena. Maziwa hayakuhusika." Alikunja fomu, akaikunjua. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka kuwaficha watu mambo yao. "Nitakwambia, kwa sababu wewe ni fundi. Wapo watu ambao saratani inawaotea kona hiyo hiyo, sentimita chache ndani ya kongosho, na haisemi lolote mpaka imewamaliza. Ya mlangoni ni tofauti. Inapiga kelele ikiwa bado kama kunde. Inampaka mtu rangi mwili mzima, na mara chache sana inafanya hilo la fedha, ambalo mimi nimelifundisha miaka kumi na tisa na nimeliona mara mbili. Kati ya wote wenye uvimbe pande hizo, ninyi ndio tunaowawahi. Tunaukata, tunaunganisha upya, na wengi wanaondoka kwa miguu yao."

"Basi nikateni."

"Miezi minane iliyopita ningekukata. Sasa umeshafika kwenye ini, vinundu vingi. Nitakuwekea mrija mdogo pale mlangoni nyongo ipite. Muwasho utaisha. Rangi yako itarudi."

"Rangi tu," mkewe akasema.

"Ndiyo, mama. Rangi tu."

Na ikarudi. Huo ulikuwa ukatili wa mwisho. Ndani ya wiki tatu njano ilimtoka kama maji machafu yanavyotoka kwenye brashi, choo kikawa kahawia, ngozi ikawa ile aliyokuwa nayo siku ya ndoa. Majirani waliompita amekaa kibarazani walimpungia mkono: naona sasa ni mzima! Alikuwa na mbavu za kuhesabika na tumbo lililoanza kujaa maji, lakini watu hutazama rangi kwanza. Yeye aliyeishi kwa kuipaka akawapungia mkono naye.

Wenzake walikuja Jumapili, na matunda kwenye mfuko. Serikali alikaa dakika tano, akatazama saa, akaaga kwa heshima zote. Nane aliona chumba kimenyamaza mno, akafanya alivyofundishwa: "Haya Fedha, umerudi rangi ya kiwandani!" Mpakarangi alitabasamu. Aliona jinsi sentensi ile ilivyokuwa nyepesi, jinsi ambavyo yeye angeongeza neno moja mwishoni ikakaa sawa. Hakuwa na pumzi ya neno hilo. Nane akaondoka.

Mchomeleaji alibaki. Alivuta kiti karibu, akaweka mikono yake yenye alama za cheche juu ya magoti. Mke wa mpakarangi alisimama mlangoni na bakuli la maji.

"Si-siku ile," mchomeleaji akaanza. "Pa-pale juani. Ni-nilitaka ku-kusema…"

Alikwama. Shingo ilimkaza, kope zikampigapiga. Mpakarangi alimtazama mdomoni, akamngoja. Ilichukua muda mrefu sana. Nje mtu aliburuta ndoo, akaijaza, akaenda nayo.

"…ma-macho yako ni ya nj-nj-njano."

Sentensi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumaliza moja mbele ya mtu yule, na haikuwa na kazi tena.

Mpakarangi akafumba macho, akayafumbua. Maji tumboni yalikuwa yamempanda hadi kifuani, na pumzi ilimjia vipande vipande. Akajiinua kwa kiwiko. "Ni…" akasema, akahema. "Ni-sam…" Akahema tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

Mkewe aliweka bakuli chini, akapiga hatua. Alilijua neno. Hata mtoto angelijua.

Mchomeleaji aliinua mkono bila kugeuka. "Mwa-mwache, shemeji. A-amalize mwenyewe."

Akakaa pale, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Alikuwa na subira ya maisha mazima. Alimtazama mpakarangi akilitafuta neno, akilipata nusu, likimponyoka, akianza upya. Wala hakumsaidia hata kwa herufi moja.